Nimetumia chupa ya "madini zaidi ya 70" kwenye tangi langu la matumbawe, Njiro, Arusha: yaliyotokea katika miezi minne

Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru hatuhitaji kufundishwa kwamba maji hubeba vitu visivyoonekana. Ukitaka kuiona floraidi ya huku, mchekeshe mtu wa huku umtazame meno yalivyogeuka kahawia. Kwa hiyo jirani yangu alipohama nchi akaniachia tangi lake la maji chumvi la lita 240, kitu cha kwanza nilichonunua ni mashine ya RO, ile inayochuja maji hadi karibu kila kilichoyeyuka ndani kibaki nje. Maji ya bomba hayaingii mle hata tone. Yale inayoyatema tunapigia deki na kumwaga chooni.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha tumbawe gumu la matawi likaanza kupauka kwenye ncha, na yale laini yakawa yanafunguka nusu nusu, kama mtu aliyeamshwa mapema. Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: madini. Nikaagiza chupa ya mililita 500 kutoka Dar, shilingi 85,000, ikaja kwa basi imeviringishwa kanga kuukuu kama mtoto mchanga.

Maelekezo yake: mililita 5 kwa kila lita 100 za maji, mara moja kwa wiki. Nikapiga hesabu ya lita 240, nikapata mililita 12. Hapo nikakosea, maana ukitoa mawe na mchanga, maji yenyewe hayazidi lita 200. Lakini kosa langu ni dogo mbele ya kosa la chupa. Inajisifu ina madini zaidi ya 70, ila hakuna palipoandikwa kila moja liko kiasi gani. Sasa mtu atajuaje anachomwaga? Maji ya bahari yana stronshiamu kama miligramu 8 kwa lita, lakini iodini ni takriban miligramu 0.06 tu. Shaba ndiyo kabisa: viumbe vinaihitaji kwa kiasi kidogo mno, ikizidi kidogo tu kamba na matumbawe wanakufa. Vitu hivi huwezi kuvipima kwa kijiko kimoja ukiwa umefumba macho.

Mama alikuja kutoka Moshi wiki hizo, akaniona na bomba la sindano nahesabu mililita. "Si utie chumvi ya jikoni tu mwanangu? Si ina madini joto?" Nikamwambia, mama, hayo madini joto ndiyo iodini kweli, lakini ile chumvi iliyobaki karibu yote ni kloridi ya sodiamu; magnesiamu na kalsiamu ya bahari haimo. Akatikisa kichwa. Bei ya chupa sikumtajia.

Wiki ya tatu kioo kikaota ukijani ambao hata ukikwangua asubuhi, jioni umerudi. Nadhani ni chuma kilichomo kwenye chupa, kwa sababu mwani hukipenda, ila sina ushahidi. Siku moja nikakuta kamba amelala chali chini ya jiwe, nikajua nimeua. Kumbe alikuwa amejivua gamba (si ile ya siasa) na mwenyewe kajificha nyuma ya pampu, mzima. Wapo wanaosema iodini ndiyo inayomsaidia kujivua. Wangu alikuwa akijivua hata kabla ya chupa.

Ncha za tumbawe gumu? Ziliendelea kupauka.

Mwezi wa pili ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikanunua vipimo vya matone vya kalsiamu, KH (kaboneti iliyomo kwenye maji) na magnesiamu. Magnesiamu ilisoma miligramu 1,080 kwa lita. Bahari ina karibu 1,290. Ikishuka hivyo, kalsiamu na kaboneti hazikai kwenye maji; zinashikana na kuganda kama chokaa kwenye hita na pampu, na tumbawe linakosa cha kujengea mifupa yake. Nilikuwa nimekwangua chokaa kwenye ile hita miezi na miezi, hasa baridi ya Julai inapowaka muda wote, nikidhani ni uchafu wa kawaida!

Kupandisha miligramu 200 kwa kila lita, kwenye maji ya lita 200, kulihitaji kloridi ya magnesiamu (ile ya fuwele zenye maji ndani yake) gramu 335 hivi. Niliigawa kwa siku nne, naiyeyusha kwanza kwenye jagi la maji ya RO, namimina taratibu mbele ya pampu. Chupa nikaiweka kando, na kila Jumamosi nikawa nabadilisha lita 20 za maji kwa chumvi ya matumbawe, ile ya ndoo, nikihakikisha kipimo cha chumvi kinasoma 35 kwa elfu, kama bahari. Chumvi hiyo inakuja na madini yake madogo madogo tayari. Baada ya wiki sita tumbawe lilitoa ncha mpya, na kwenye mawe ukaanza kuota ule ukoko wa waridi wa mwani mgumu kama chokaa, ambao hapo nyuma nilikuwa nauona kwa wenzangu tu.

Je, chupa ni mbaya? Kwa tangi lililojaa matumbawe magumu yanayokua haraka, na mwenye tangi anapeleka maji yake maabara, huenda ina kazi. Kwangu ilikuwa shilingi 85,000 za kufugia mwani. Imebaki zaidi ya nusu, iko mlangoni mwa friji karibu na maziwa mgando. Aliye Arusha akiitaka nampa bure, ila aje kwanza na maji yake kwenye chupa safi tuyapime magnesiamu.