Uzoefu wangu na Foldscope: kuutambua ukungu mweusi wa maabara, Pemba

Foldscope, hadubini ya karatasi iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford, nimeitumia kwa shughuli moja inayojirudia kila masika katika maabara za skuli Pemba: sahani ya petri imeandaliwa kwa ajili ya bakteria, inaota kitu cheusi ambacho hakuna aliyekipanda. Niseme mapema: kwa kazi hii inafaa. Itakufikisha kwenye jenasi (kundi la spishi zenye nasaba ya karibu) mara nyingi. Spishi usiitarajie.

Inakuza mara 140, na undani wake, yaani kitu kidogo kabisa inachoweza kukionesha, unaishia kwenye mikromita 2 hivi (mikromita 1 ni sehemu ya elfu ya milimita). Hiyo namba ya pili ndiyo ya kuangalia. Hifa (nyuzi) za Rhizopus, mmoja wa kuvu hawa weusi, zina upana wa mikromita 10 au zaidi, na kifuko chake cha spora (chembe za uzazi) hupita 100, kwa hiyo vyote vinaonekana vizuri. Spora ya Aspergillus niger, kuvu mweusi mwingine, ni mikromita 3.5 hadi 5: utaona nukta, hutaona mikwaruzo iliyo juu ya ngozi yake. Bakteria wengi wana upana wa mikromita 1 tu, hao wasahau. Na kuivuta picha kwenye simu hakuongezi kitu. Nukta inakuwa kubwa, inabaki nukta ile ile.

Kabla ya hadubini, soma sahani ikiwa imefungwa. Kwa joto letu Rhizopus huijaza kwa siku 2 au 3, pamba ya kijivu inapanda mpaka inagusa kifuniko, ndani yake vidoa vyeusi vimetawanyika. Aspergillus niger huanza mweupe na hukaa chini, halafu unga mweusi unaenea kutoka katikati huku ukingo ukibaki mweupe. Kisha geuza sahani utazame chini yake. Niger, hata akiwa mweusi tititi juu, chini huwa na rangi ya krimu au manjano hafifu. Ukiona weusi hadi chini, una jamaa wengine kabisa, kama Curvularia au Cladosporium. Dakika moja ya kugeuza sahani inaokoa saa nzima ya kuchungulia.

Wengi huharibu wakati wa kuchukua sampuli. Ukichokoa katikati kwa sindano unapata bonge la spora lisiloonesha umbo lolote. Mimi natumia selotepu angavu, kipande cha sentimita 1 hivi, nakigusisha polepole pale weupe unapogeuka weusi, kwa sababu hapo ndipo vichwa vimekomaa lakini havijamwaga. Andaa vipande viwili. Cha kwanza kibandike kikavu kwenye slaidi, maana kimiminika huzivunja minyororo ya spora na kichwa kinabaki kipara. Cha pili kitie tone la spiriti ya asilimia 70 kwanza, ndipo uweke tone la laktofenoli koton bluu, rangi ya kupakia kuvu. Spora hizi hazipendi maji. Ukiruka spiriti unapata mapovu, na yale mapovu ya duara yenye ukingo mweusi ndiyo wanafunzi huyachora daftarini wakayaita spora.

Picha ikigoma kuja, usiilaumu lenzi. Geuza slaidi. Lenzi hii inasoma kwa umbali usiofika milimita 1, na kioo cha slaidi peke yake ni milimita 1 hivi, kwa hiyo upande wenye sampuli lazima uielekee lenzi. Mwanga wa anga unatosha siku ya jua (usiielekeze kwenye jua lenyewe), lakini kwa mawingu ya masika chukua seti yenye taa yake.

Sasa unatafuta nini? Aspergillus ana bua moja linaloishia kwenye uvimbe, na minyororo ya spora imetoka pande zote kama shokishoki. Penicillium ana umbo la brashi. Rhizopus ana kifuko cha mviringo, mabua yasiyo na matawi yaliyoota kwa fungu, na vimizizi chini yake. Mucor anafanana naye, ila mabua yake yana matawi na vimizizi hana. Vitabu vinasisitiza kuta za ndani ya hifa. Kwa Foldscope ni shida kuziona, na huo ndio udhaifu wake mkubwa kwangu. Tegemea kichwa na shina.

Linganisha pia na vinavyojulikana. Vitunguu maji sokoni Chake Chake mara kwa mara vina unga mweusi chini ya ganda la nje: huo ni Aspergillus wa kundi la niger. Boflo lililolala kwenye mfuko wenye unyevu mara nyingi litakupa Rhizopus. Programu za simu za kutambua viumbe kwa picha hazijanifaa hapa.

Kama chakula cha sahani ni cha kupika wenyewe (mbatata gramu 200, sukari gramu 20, aga, yaani kigandishi cha mwani, gramu 15, maji lita 1), mabaki ya wanga yatajipenyeza kwenye slaidi na kufanana na viumbe. Tone la iodini linawaumbua: wanga unageuka bluu-nyeusi. Na aga iwe aga kweli. Mwani wa spinosum tunaouanika ufukweni hutoa karajini, kigandishi kingine kisichoganda kwa namna ile.

Zima feni kabla ya kufungua kifuniko, usinuse, na mwenye pumu akae nje. Sahani zikimaliza kazi, zitie kwenye sufuria la presha dakika 30 tangu presha itimie, ndipo zitupwe.

Anayetaka spishi atahitaji DNA, na hata eneo la DNA liitwalo ITS, lililopendekezwa mwaka 2012 kuwa alama ya kutambulishia kuvu, haliwatenganishi vizuri Aspergillus weusi. Hutumika jeni ya kalmodulini. Kwenye lebo ya skuli andika “Aspergillus, kundi la niger”, tarehe, chakula na joto la chumba.