Nimefinyanga chetezo cha kumkumbuka marehemu mama: uzoefu wangu

Mama alipofariki, chetezo chake cha kufukizia udi kilibaki Tanga kwa dada, na ni haki yake, maana ndiye aliyemuuguza. Mimi nilitaka changu, ila si cha kununua Kariakoo. Ndipo nikajiandikisha kwenye karakana moja hapa Dar inayofundisha watu kufinyanga chombo cha kuwakumbuka marehemu wao. Nililipa shilingi 85,000, udongo na uchomaji humo humo.

Kilichonikosha ni mwalimu. Ni mama wa Kikisi, wa kule Ikombe ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambako wanawake ndio wafinyanzi. Kabla sijashika udongo akaniuliza, "Mwanangu, kitatiwa nini?" Nilipomwambia makaa, akauweka kando udongo laini waliopewa wenzangu waliokuwa wakifinyanga vikombe, akanichanganyia mwingine wenye chenga za vigae vilivyotwangwa. Kaa la moto hupasha kitako ghafla wakati mdomo bado wa baridi. Udongo ulioshikana sana hupasuka, wenye chenga hustahimili. Akanikataza na ile rangi ya kung'aa, kwani ni kioo kitupu, na kioo na makaa havipatani.

Nilikuja na kipande cha ukili, ule ukanda wa miyaa iliyosukwa, wa msala wa mama wa kuswalia. Tulikikandamiza ubavuni udongo ukiwa umekauka nusu, tukakibandua taratibu, kila mwaa ukaacha mstari wake, hata pale marehemu mama alipoushona mwenyewe ulipofumuka. Baba mmoja jirani yangu alileta kofia ya vito ya babake, ile ya kudariziwa matundu madogo. Matundu yote yalijichora kwenye bakuli lake, tukaacha kazi zetu kwenda kutazama.

Sasa malalamiko. Niliambiwa wiki mbili, nikasubiri zaidi ya mwezi, kwa kuwa tanuri haliwashwi mpaka lijae. Hilo naelewa, umeme ni ghali, lakini kutopokea simu ni dharau. Halafu kuna picha ya marehemu kwa shilingi 30,000 zaidi. Msipoteze pesa: inabandikwa juu baada ya kuchomwa, haiingii motoni, na ile ya maonyesho pale mapokezi imeshaanza kubanduka pembeni. Kijana wa mapokezi alinishauri hata niandikiwe aya ya Kurani ubavuni. Kwenye chombo cha majivu? Nikamwambia ahsante, hapana.

Chetezo changu kimekaa upande kidogo, mguu mmoja mfupi. Lakini kila Alhamisi jioni nakitia makaa na udi, na hakijaonyesha ufa wowote.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda, omba siku za kati ya wiki, maana Jumamosi yule mama hayupo, na anayefundisha ni kijana anayejua vikombe tu. Na chochote utakachokandamiza, kiwe kikavu kabisa, la sivyo kinang'oa udongo.