Kigunduzi cha metali kwa mtafutaji wa vitu vya kale Tabora: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe

Neno hela, tunalolitamka kila siku sokoni, limetokana na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904, pale rupia moja ilipogawanywa kuwa heller 100 badala ya sarafu 64 zilizoitwa pesa. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimefunga njia ya bahari na sarafu kutoka Ujerumani haziwezi tena kufika, karakana ya reli ya hapa Tabora iligeuzwa kiwanda cha fedha: ikatengeneza heller za shaba zenye herufi T, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Mtu anayeokota heller ya namna hiyo shambani kwake wakati wa palizi ana haki ya kutamani kujua kuna nini kingine ardhini, na kutoka hapo hadi kuulizia bei ya kigunduzi cha metali, au ditekta kama wengi wanavyoiita, ni hatua fupi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, awe Tabora au Kigoma.

Kabla ya bei kuna sheria, na ninaitanguliza kwa sababu inaathiri hata aina ya mashine inayofaa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakihesabu kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa ni cha kale, na hairuhusu mtu kuchimba kwa nia ya kutafuta vitu hivyo bila leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Anayekikuta kwa bahati naye anatakiwa kutoa taarifa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, Novemba 1857, waliikuta biashara ya misafara imeshakomaa, kwa hiyo kipande cha masango (waya nene za shaba) au kikuku cha shaba kilichodondoka njiani kinaweza kabisa kuangukia ndani ya sheria hiyo. Tembe la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, na eneo la kumbukumbu la Ujiji alikokutana na Stanley mwaka 1871, si mahali pa kwenda na kigunduzi hata kama hakuna mlinzi. Makaburi ni vivyo hivyo. Anzia ofisi ya Mambo ya Kale, ukiwa na ridhaa ya mwenye shamba na barua ya serikali ya kijiji, ndipo uende dukani.

Wauzaji hupenda kusifia kina: hii inafika mita moja, ile inafika mbili. Ushauri wangu ni kinyume chake. Udongo wa shamba lililolimwa kwa jembe la mkono umekwisha kuvurugwa kwa sentimita 15 hadi 20 hivi, na kitu kilichomo humo kimeshahama mahali pake, hivyo kukiokota kwa kibali hakuharibu mengi. Chini ya hapo hali ni tofauti, kwa maana kitu bado kimelala pamoja na mkaa, vigae na mifupa vinavyoeleza kilifikaje na lini, na anayekichomoa kwa haraka huondoka na shaba huku habari yote ikipotea isirudi. Kazi hiyo ni ya wanaakiolojia. Kwa kuwa karibu kila mashine nzuri ya bei ya kati huisikia sarafu iliyo katika kina cha jembe, fedha inayoongezwa kwa ajili ya kina zaidi haina faida kwako, na inaweza kukuletea kishawishi.

Kinachostahili kulipiwa ni uwezo wa mashine kuvumilia udongo wetu na kuitenga shaba na chuma. Koili, yaani lile duara la waya lililo mwishoni mwa mpini, hutoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Metali iliyo karibu huzalisha mkondo mdogo wa umeme, mkondo huo nao hutoa uga wake, na mashine huupokea na kuugeuza kuwa sauti na namba. Tatizo ni kwamba udongo mwekundu wenye changarawe za moramu una oksidi nyingi za chuma, ambazo nazo hujibu, na mashine isiyoweza kusawazishwa na ardhi, yaani kurekebishwa ili ipuuze jibu la udongo wenyewe, hupiga kelele kila hatua hadi mtumiaji achoke. Ongeza misumari, vipande vya majembe na vizibo vya soda vilivyojaa karibu na kila mji wa zamani, na utaelewa kwa nini mashine inayosifiwa kwenye mbuga za nyasi za Ulaya inaweza kushindwa Ipuli au Urambo.

Kwa vigezo hivyo, nafasi ya kwanza naipa Nokta Simplex Ultra ya Uturuki. Hutumia masafa mamoja ya kilohezi 15, yaani uga wake hubadilika mara 15,000 kwa sekunde, hujisawazisha na ardhi kwa kubonyeza kitufe huku ukiinua na kushusha koili, ni nyepesi kiasi cha kubebwa asubuhi nzima bila bega kuuma, na huzamishwa majini hadi mita 5. Betri yake huchajiwa kwa waya wa USB, kwa hiyo pawabenki au sola ndogo ya kijijini inatosha. Ukiipata ile ya awali, Simplex+, yenye kilohezi 12 na uwezo wa kuzama mita 3, katika hali nzuri na kwa bei pungufu, inunue bila wasiwasi. Kwa shamba la jembe tofauti zao si kubwa.

Nafasi ya pili ni Nokta Legend au Minelab Equinox 900, mashine zinazotumia masafa kadhaa kwa wakati mmoja. Hizi huutuliza udongo mwekundu vizuri zaidi, na hapo ndipo ubora wake unapoonekana kwetu. Nazitaja za pili, ingawa kiufundi ni bora kuliko ya kwanza, kwa sababu bei yake ni kubwa na mgeni wa kazi hii hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Mnunuzi wa Kigoma asidanganywe kwamba anazihitaji kwa ajili ya ufuko: sifa kubwa ya masafa mengi ufukweni ni kushinda chumvi ya bahari, na Ziwa Tanganyika ni la maji baridi, ambako mashine ya masafa mamoja hufanya kazi vizuri mradi tu isiharibiwe na maji.

Ya tatu ni Minelab Vanquish 540. Nayo ni ya masafa mengi, hukunjwa ikaingia kwenye begi, na hutumia betri nne za kawaida za AA zinazopatikana katika maduka mengi, jambo ambalo kwa anayekaa mbali na umeme lina uzito. Kasoro zake ni mbili: huwezi kuisawazisha na ardhi mwenyewe, na koili pekee ndiyo inayostahimili maji, si kichwa chenye skrini, kwa hiyo wakati wa masika inahitaji uangalifu.

Garrett ACE 300 ya Marekani naiweka ya nne. Ni imara na rahisi kujifunza, na kwenye udongo wa kichanga hainung'uniki, lakini usawazishaji wake umewekwa kiwandani na haubadilishwi, jambo linaloiumiza kwenye moramu.

Mashine za kutafutia dhahabu, kama Minelab GPX 5000, zinapenya udongo mgumu kuliko zote nilizotaja, na mchimbaji mdogo wa Nzega au Igunga mwenye leseni ana sababu ya kuzitafuta. Kwa mtafutaji wa vitu vya kale hazifai. Hazitengi chuma vizuri, na penye misumari utachimba mashimo mengi kwa ajili ya kutu.

Kuna kundi moja ambalo sitalipa nafasi yoyote, nalo ni vifaa vyenye antena mbili za kushika mkononi vinavyodaiwa kuonyesha dhahabu au "mali za Mjerumani" kutoka umbali wa kilomita. Havifanyi kazi. Antena huzunguka kwa mitikisiko midogo ya mkono wenyewe, na hakuna kanuni ya kisayansi inayoviunga mkono. Inaniuma kuona wazee wakiuza ng'ombe kwa ajili ya vifaa hivi, kisha wakapelekwa chini ya mwembe kuchimba shimo la futi ishirini kutafuta masanduku ya rupia. Wauzaji wake ndio haohao wanaoeneza habari za rupia yenye nguvu za ajabu inayonunuliwa kwa mamilioni. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ni tupu.

Katika bajeti acha nafasi ya kigunduzi kidogo cha mkononi, kama Garrett Pro-Pointer AT, kinachoonyesha mahali hasa kitu kilipo ili shimo liwe dogo na kitu kisikatwe na sepeto. Nunua hedifoni na daftari la kuandika mahali, tarehe na kina cha kila kitu. Usifanye kazi kando ya reli: eneo lina mwenyewe, na chuma chake huzima kila sauti nyingine. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 19, 1916 baada ya mapigano makali, hivyo ukikuta kitu kinachofanana na bomu, kiache, weka alama mbali nacho na uwaite polisi.

Unapoagiza kutoka nje, hesabu usafirishaji, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani kabla ya kulinganisha bei. Unaponunua hapa nchini, nenda na kipande cha shaba na msumari wenye kutu, uviweke chini kwa umbali wa kiganja, kisha umwombe muuzaji apitishe koili juu yake taratibu kutoka pande mbili. Ukisikia sauti mbili zinazotofautiana, lipa. Ukisikia moja, mwambie akuletee mashine nyingine.