Bakuli langu la panchi la Northwood: miaka miwili ya kulitumia

Bakuli hili la kioo, la kugawia wageni panchi, yaani kinywaji cha matunda, lilikuwa chini ya meza, ndani ya boksi la matofaa, limefunikwa magazeti. Hiyo ilikuwa kwenye soko la vitu vya kale karibu na Wheeling, West Virginia, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka kwangu Columbus, Ohio. Mzee aliyekuwa anauza alilinyanyua kwa mikono miwili akalisogeza penye mwanga wa mlango. Rangi ile ya chungwa ikawaka. Upande mmoja waridi, kijani kikapita haraka, halafu dhahabu ikatulia juu ya vishada vya zabibu. Mimi ni mtoto wa Tanga, na mng'aro wa namna hiyo nilikuwa nimeuona ndani ya gamba la chaza tu, likiwa bado lina maji.

Kioo cha namna hii wakusanyaji wa vitu vya kale wanakiita kioo cha kanivali, ingawa jina hilo lilikuja miongo mingi baada ya chenyewe, watu walipokihusisha na zawadi za kwenye maonyesho. Kampuni ya Fenton ya Williamstown, West Virginia, ndiyo iliyotangulia kukiuza, mwaka 1907. Mwaka uliofuata akaingia Harry Northwood, Mwingereza aliyekuwa na kiwanda chake hapo hapo Wheeling. Kioo kilichoyeyuka kilikandamizwa kwenye kalibu ya chuma, kisha kikiwa bado cha moto kikapuliziwa chumvi za metali, zikaacha utando mwembamba unaocheza na mwanga. Kalibu ni moja lakini ukingo ulikunjwa na fundi kwa mkono, kwa hiyo mawimbi ya bakuli langu hayalingani sawasawa na ya bakuli jingine lolote. Napenda sana kupitisha kidole pale.

Seti yangu ni ya mtindo wa Grape and Cable, yaani zabibu na kamba, saizi ya katikati kati ya tatu alizotoa Northwood. Bakuli, kitako chake (kipande cha chini kinacholibeba) na vikombe sita vyenye vishikio. Nililipa dola 280. Nilikaa naye yule mzee karibu saa nzima kabla ya kutoa hela, na sababu ninayo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimenunua seti nyingine mtandaoni, ya zambarau, nzuri mno kwenye picha. Muuzaji alitumbukiza kitako ndani ya bakuli, kioo kwa kioo, katikati karatasi moja tu. Nilipolipokea boksi nikasikia mchakacho kabla hata sijalifungua. Kitako kilikuwa kimepasua bakuli kutoka ndani, ufa ukatoka katikati hadi ukingoni. Fedha nilirudishiwa, lakini kitu kilichodumu zaidi ya miaka 100 kilikuwa kimeishia mezani kwangu vipande vipande, na niliumia kwelikweli. Ukilazimika kuagiza, dai kwa maandishi kwamba kitako na bakuli vije kwenye maboksi mawili tofauti. Bila hivyo acha.

Sasa kuhusu hicho kitako, maana ndicho kinachoponza wengi. Bakuli la panchi ni vipande viwili vinavyokaa kimoja juu ya kingine bila gundi, na katika miaka yote hiyo vingi vimeachana vikaoanishwa na visivyo vyao. Yule mzee aliniambia, "Mama, liweke ulizungushe." Nikaliweka, nikalizungusha taratibu. Halikuyumba. Mapambo ya kitako nayo yalikuwa zabibu zile zile, na rangi yake ilikuwa na ukali uleule wa bakuli. Kisha nikaligonga kwa kifundo cha kidole, likalia kama kengele ndogo, sauti ndefu. Lenye ufa hutoa mlio mfu. Mwisho nikaangalia chini ya kitako kwa taa ya simu. Rangi hii inaitwa marigoldi, na kioo chenyewe hakina rangi, chungwa iko kwenye utando tu. Ya zambarau ni tofauti, pale kioo chenyewe ndicho kina rangi.

Ndani ya vikombe kuna herufi N yenye mstari chini yake, imezungushiwa duara. Nilifurahi kuiona, lakini sikununua kwa ajili yake. Northwood hakuweka alama kwenye kila kipande, na baadaye N hiyo ikaigwa. Ukikuta I na G zimepandana, hiyo ni kazi ya baadaye ya kampuni ya Imperial ya Bellaire, ng'ambo ya mto Ohio. Ni vioo vizuri, ila visiuzwe kwa bei ya vya kale.

Kwenye matumizi, kasoro ninazo. Ni zito, likijaa siligusi tena, kwa hiyo nalijazia pale pale mezani. Vikombe ni vidogo, mtu mzima anarudia mara tatu. Halikuja na upawa, nami natumia wa mbao kwa sababu wa chuma utakwaruza. Kitu cha moto hakiingii humo kamwe, wala barafu nyingi kwa mpigo, kwani kioo cha umri huu hakipendi kushtuliwa. Naliosha kwa mkono, maji ya vuguvugu na sabuni laini, nikiwa nimetandika taulo kwenye sinki.

Kwenye Idi mbili zilizopita nimelijaza sharubati ya ukwaju. Ukwaju ni wa kahawia, na kiwango chake kinaposhuka zabibu za ndani zinaibuka moja moja zikiwaka. Watoto wa jirani zangu Wakongo husimama pale wakingoja kuziona, na mama yao hunisaidia kugawa.

Nikipewa nafasi nitalinunua tena, kwa bei ile ile, kwa safari ile ile. Vikombe nimeshaongeza viwili, kimoja kina pengo dogo kwenye kishikio na nimekichukua kwa dola 9. Natafuta vinne vifike 12. Wheeling narudi mwezi ujao.