Makochi ya sebuleni Tabora: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Ukiingia karakana ya makochi hapa Tabora mjini, iwe Isevya, Cheyo au Ng'ambo, kitakachokuvuta kwanza ni kitambaa. Na kitambaa ndicho kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha baadaye. Mbao ikipinda au sponji ikilala, umeshaumia. Kwa hiyo makochi hapa hayakupangwa kwa sura. Yamepangwa kwa kuuliza mambo mawili: je, mnunuzi anaweza kuona kilichomo ndani kabla ya kutoa hela? Na kikiharibika, kinatengenezeka hapahapa bila kung'oa kochi zima?

Anza na futi kamba, tena nyumbani, si karakanani. Pima upana wa mlango mkubwa, kisha wa korido kama ipo. Milango mingi ya nyumba zetu ni sentimita 80 hadi 90, na kochi lenye kina cha sentimita 95 litapita likigeuzwa ubavu tu, kama korido inaruhusu kugeuza. Pima sebule nayo. Yenye mita 3.5 kwa 4 inabeba la watu watatu, la wawili na kiti kimoja, ukiacha njia ya sentimita 70 ya kupita na sentimita 40 kati ya kochi na meza. Ukilazimisha viti saba humo, wageni watapita wakiruka miguu ya wenzao.

1. Fremu ya mninga iliyo wazi, yenye mito ya kutoa

Hili ndilo la kwanza, na linaongoza kwa mbali. Mbao inaonekana, mto unatoka, foronya inafuliwa. Mtoto akimwaga chai unafungua zipu, humwiti fundi.

Mninga ni mti wa miombo, na Tabora ni nchi ya miombo kuanzia Sikonge hadi Urambo na Kaliua. Watu huusifia rangi, lakini seremala huupendea utulivu: hauvimbi wala hausinyai sana majira yakibadilika. Kwetu hilo lina uzito, maana kiangazi hewa hukauka kwelikweli, na mbao iliyounganishwa mbichi Februari huachia viungo Agosti. Mbao zinazocheza hupasuka kwenye ncha au hujikunja hadi kochi likae kwa miguu mitatu.

Lakini neno "mninga" peke yake halitoshi. Mbao yake ina sehemu mbili. Moyo, wenye rangi ya dhahabu hadi kahawia inayoelekea wekundu, unavumilia mchwa. Weupe wa pembeni, ulio karibu na gome, huliwa na wadudu wanaoacha vitundu kama vya sindano na unga laini sakafuni. Fundi anayebana matumizi huweka moyo mbele na weupe chini ya kikalio, akapaka vanishi ya rangi juu ya vyote. Basi geuza kochi miguu juu. Upande wa chini mara nyingi haujapakwa kitu, na hapo ndipo mbao husema ukweli. Ukiona weupe kwenye miguu au kwenye mbao zinazobeba uzito, mwambie abadilishe. Ukiona mbao ni ya manjano hafifu yenye mafundo ya duara na harufu ya utomvu, hiyo ni paini iliyovishwa rangi. Paini si dhambi, ila haiuzwi bei ya mninga.

Ukavu unapimwa hivi. Omba kipande cha masalio ya mbao ileile, cha gramu 200 hivi. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke wiki nzima mahali penye joto na pakavu, ukipime tena. Kikipungua zaidi ya gramu 20, mbao bado ni mbichi na kochi lingoje. Fundi akikataa kutoa kipande cha masalio, hilo nalo ni jibu.

Vipimo vya kuandika kwenye karatasi ya oda:

- Mbao ya inchi 1 ikipigwa randa hubaki milimita 20 hivi. Kwa mbao za kuzunguka kikalio, dai upana wa inchi 4 au zaidi. Miguu iwe inchi 2 kwa 3.
- Kikalio, mtu akiwa amekaa, kiwe sentimita 42 hadi 45 kutoka sakafuni, na kina cha 53 hadi 56. Bibi mwenye magoti mabovu mpe 45.
- Nyuma ya kikalio pawe chini kuliko mbele kwa sentimita 4. Bila mteremko huo mto huteleza na mkaaji huishia mbele.
- Vibao vya chini ya mto viachane kwa nafasi isiyozidi sentimita 5. Nafasi ikiwa pana, sponji huzama katikati na kukatika kwa mistari.

Viungo viwe vya ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja iingie ndani ya nyingine, pamoja na gundi, na kila kona ya kikalio iwe na kibao cha pembetatu kilichokazwa kwa skrubu. Misumari mitupu hulegea. Utaisikia ikilia kila mtu anapokaa, miezi michache baada ya kulipa.

Bei ya mninga haielekei kushuka. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama mwaka 2022 uliingiza jamii ya mninga wa Afrika na ya mkongo, mti mwingine wa mbao ngumu, katika Kiambatisho cha Pili, maana yake biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali. Humu nchini uvunaji na usafirishaji unasimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Muulize fundi mbao zake zimetoka wapi, na udai risiti. Na kama kochi unalipeleka nje ya mkoa, pita ofisi ya TFS kabla ya kupakia, si baada ya kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Mkongo ni mbadala mzuri na mzito zaidi. Mtundu, mti mwingine wa miombo, ni wa bei nafuu, ila hupinda na kupasuka. Uache kwenye fremu, labda vibao vya chini.

Sponji, ambayo ndiyo nusu ya kochi

Hapa ndipo watu wengi hupigwa. Duka litakwambia "hai densiti", yaani sponji nzito, na utabonyeza kwa kidole, na kila sponji mpya hurudi ukiibonyeza kwa kidole. Mizani ndiyo haidanganyiki.

Sponji ya kukalia inafaa iwe na uzito wa kilo 30 kwa mita moja ya ujazo. Mto wa sentimita 60 kwa 55, unene wa 10, una ujazo wa mita 0.033. Zidisha kwa 30: karibu kilo moja kamili, bila foronya. Ukipima ukakuta nusu kilo, hiyo ni sponji ya kuegemea, na kwenye kikalio italala kabla ya mwaka kwisha. Chini ya gramu 700 usichukue. Kwa unene wa inchi 5 tarajia kilo 1.25 hivi.

Kuna mtego mmoja. Sponji ya mabaki yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi ni nzito kuliko zote, nayo itafaulu mizani. Ni ngumu kama benchi na baadaye humeguka. Fungua zipu uangalie: yenye madoa ya rangi nyingi ndiyo hiyo. Umanjano peke yake si kosa, mwanga huigeuza sponji yoyote.

Foronya ishonwe ndogo kuliko sponji kwa sentimita 1 kila upande, ili mto ukae umejaa. Zipu izunguke kona mbili za nyuma, la sivyo kuutoa mto kutakuwa kama kumvua mtoto aliyelala shati lenye shingo ndogo.

2. Kochi la zamani la mbao ngumu, livikwe upya

Wengi wataliweka mwisho kwa kuona haya. Sisi tunaliweka la pili. Fremu ya mninga au mkongo ya miaka 15 imeshakauka na imeshacheza ilipotaka kucheza. Kilichobaki ni kusugua kwa msasa, kukaza viungo kwa gundi mpya, na kununua sponji na kitambaa.

Hatari yake ni kunguni. Wanajificha kwenye mishono, kwenye vichwa vya misumari na kwenye nyufa za mbao, na vidoa vyao ni vyeusi kama ncha ya kalamu. Nunua fremu tupu, sponji na kitambaa vya zamani vichomwe palepale kwa muuzaji. Fremu imwagiwe maji yanayochemka kwenye kila ufa, ikauke siku kadhaa kivulini, ndipo iingie ndani. Jua la mchana hupasua viungo vya zamani. Ukiona njia za udongo za mchwa kwenye miguu, choma bisibisi. Ikizama kirahisi, acha.

3. Kochi la kufunikwa lote, la kuagiza kwa fundi

Ni zuri na laini, linapendeza kwenye picha. Tatizo ni kwamba kila kitu kimefichwa, na likivikwa huwezi kukagua chochote. Kwa hiyo malipo yafuate hatua: theluthi kwa kununua mbao, theluthi ukishaona fremu tupu, theluthi siku ya kupokea. Siku ya fremu tupu nenda mwenyewe. Hapa paini kavu inakubalika, maana haionekani, lakini si mbao za maganda, zile za pembeni zenye gome, wala vipande viwili vilivyoungwa katikati ya mbao ya mbele. Hesabu springi za zigizagi, zile nyaya zilizopindwapindwa zinazobeba kikalio: nne kwa kila mkaaji ndiyo chini kabisa, tano ni bora. Kati ya springi na sponji pawe na kitambaa kizito, gunia hata, vinginevyo waya huikata sponji kidogokidogo.

Kitambaa chake ni kingi. Viti saba vya fremu ya wazi vinamalizwa na mita 12 za kitambaa cha upana wa mita 1.4, na mita 13 au 14 kama kina maua yanayotakiwa kukutana. Viti saba vya kufunikwa vinaweza kula mita 18 hadi 20. Fundi akikutajia 25, mwambie akuchoree vipande.

4. La dukani, lililokuja na lori

Ndani huwa bodi ya chenga za mbao na stepla. Halichukii kukaliwa, linachukia kuhamishwa, na limeshahamishwa kutoka Dar es Salaam au Mwanza kabla hujaliona. Kwa mpangaji anayehama kila mwaka halifai. Kama ni lazima, kaa kila kiti, sikiliza, kisha shika mkono wa kochi uutikise. Usogeapo hata kidogo, stepla zimeshaanza kutoka.

5. La kona, la leza bandia

La mwisho. Leza hii ni ngozi nyembamba ya plastiki juu ya kitambaa. Jua la dirishani na jasho huikausha, ikaanza kubanduka magamba, kwanza kwenye mikono na pale kichwa kinapoegemea. Hairekebishiki, huvuliwa yote. Kiangazi inanata mwilini. Na umbo la kona limekatwa kwa sebule moja: ukihamia nyumba ambayo dirisha liko upande mwingine, mkono mrefu utaziba mlango.

Rangi na vumbi

Vumbi la Agosti hadi Oktoba halimwachi mtu. Velveti hulishika na kulionyesha kila mkono ulipopita. Kitambaa kilichofumwa nzito, chenye rangi mbili zilizochanganyika, kahawia na maziwa kwa mfano, huficha wiki nzima ya vumbi. Kabla ya kukatiwa, lowesha leso nyeupe na usugue kitambaa mara 20. Leso ikitoka na rangi, nguo nyeupe za wageni nazo zitatoka nayo. Mito midogo ya kitenge inachangamsha sebule kwa hela kidogo, ila kitenge kifuliwe kwanza kabla ya kushonwa, maana hurudi.

Barazani sponji isikae kabisa. Kiti cha vibao vya mninga kilichopakwa mafuta ya kitani kinatosha, na kikichakaa unakipaka tena. Chumbani kochi la watu wawili huishia kuwa kabati la nguo. Benchi fupi miguuni pa kitanda lina kazi zaidi.

Siku ya kupokea, weka kochi kwenye sakafu iliyonyooka. Inua mguu mmoja wa mbele. Ukifika sentimita 15 juu, mguu wa pili wa mbele uwe umeshaanza kuinuka wenyewe. Kama bado umeganda sakafuni, fremu inajipinda, na theluthi ya mwisho ya pesa ibaki mfukoni hadi kona zikazwe. Kisha piga vifuniko vya mpira chini ya miguu, maana maji ya kudeki hupanda kwenye mbao kila asubuhi, na uliache kochi sentimita 10 kutoka ukutani ili njia ya mchwa, ikitokea, uione mapema.