TAHADHARI: Anayekuhakikishia namba moja Google, muulize kwanza domeni (anwani ya tovuti yako) itasajiliwa kwa jina la nani

Wenye biashara, kuna ujumbe unazunguka kwenye baruapepe na WhatsApp, na maneno yake hayabadiliki sana: "Habari, tumeikagua tovuti yako tumekuta ina makosa mengi, ndiyo maana huonekani Google. Tutaitengeneza upya na tunakuhakikishia ukurasa wa kwanza." Wengine hawajakagua chochote. Namjua mtu aliyetumiwa ujumbe huo na hana hata tovuti.

Kutengeneza tovuti ndiyo kazi yangu, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusafisha walipopita jamaa hawa. Sitaji kampuni, maana leo wana jina hili, kesho lile. Mchezo ndio uleule, kwa hiyo ujueni mchezo.

Tuanze na ahadi yenyewe. Google wameandika wazi kwenye mwongozo wao kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia namba moja, na wanaonya juu ya anayedai ana uhusiano maalumu nao au ana njia ya kuiwahisha tovuti yako. Njia hiyo haipo. Kuingia kwenye matokeo ya kawaida ni bure na hakuna pa kulipia ili upande juu. Pesa inanunua tangazo, na tangazo huwekewa alama. Wanasema pia kwamba kazi ya kweli ya SEO, yaani kuifanya tovuti ionekane kwenye matokeo ya utafutaji, kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka ndipo uone matunda. Anayekuahidi wiki mbili anakuuzia kitu kingine.

Utaniambia, "Mbona nimeonyeshwa picha ya skrini na niko juu kabisa?" Soma kilichoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia. Mama mmoja mshona mapazia aliniletea picha ya namna hiyo, na haikuwa ya kughushi. Alikuwa namba moja kweli. Ila kilichotafutwa kilikuwa jina la biashara yake, likifuatiwa na sentensi nzima iliyonakiliwa kutoka kwenye ukurasa wake wa mbele. Nani anatafuta hivyo? Mwenye shida ya pazia anaandika "mapazia ya sebuleni" au "fundi mapazia", na huko mama yule hakuonekana kabisa. Wengine hulipia tangazo siku ya ripoti, wakapiga picha na kuikata chini ya ile alama.

Halafu ripoti ya kila mwezi. Grafu inapanda, simu hailii. Nilipofungua takwimu za tovuti ya mama yule nikakuta karibu ziara zote zinatua ukurasa wa mbele, hazikai hata sekunde, hazibonyezi kitu, na zinakuja kwa mafungu saa zilezile za usiku. Roboti hizo, na roboti hainunui pazia. Ukiletewa ripoti ya wageni, uliza swali moja tu: wangapi walipiga simu, walijaza fomu au walinunua, na walitua ukurasa upi?

Kilichoniumiza zaidi kwa niaba yake ni hiki. Tovuti yake ya zamani ilikuwa mbaya machoni, nakubali. Lakini ilikuwa na ukurasa mmoja unaoeleza jinsi ya kupima dirisha kabla ya kuagiza pazia, na ukurasa ule ndio uliokuwa ukimletea wateja. Mtu akishapima dirisha, kinachofuata ni kuuliza bei. Jamaa waliufuta. Mahali pake wakaweka picha kubwa zinazopishana na maandishi yanayoingia kwa madoido. Hawakuweka hata uelekezo wa 301, ule unaoiambia Google na mgeni kwamba ukurasa umehamia hapa. Kwa hiyo kila linki ya zamani ikawa inaishia kwenye "ukurasa haupatikani". Mwaka mzima wa kuaminika ukatupwa. Picha zenyewe zilikuwa nzito mno kwa simu, wakati Google wanapendekeza kitu kikuu cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Pima yako kwa PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, ni bure. Akikukatalia kuipima mbele yako, umeshapata jibu.

Kuna na biashara ya linki, yaani tovuti nyingine kuelekeza kwako ili Google ikuone wa kuaminika. "Tunakupa linki 1,000." Zinatoka kwenye tovuti mfu zisizosomwa na mtu. Google walitoa Penguin, badiliko la mfumo wao wa kupanga matokeo, mwaka 2012 kushughulikia mambo hayo, na hata wakubwa hawakusalimika: JC Penney ya Marekani iliporomoshwa kwenye matokeo mwaka 2011 baada ya kubainika kuwa na linki za kupandikizwa, na mwaka 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwa muda kwa sababu ya kurasa zilizotengenezwa kuihadaa injini ya kutafutia. Wao wana mawakili na bajeti ya matangazo ya kuwashikilia wakati wanajirekebisha. Wewe je?

Wakati mwingine tovuti yako ndiyo inayouziwa wengine linki. Fungua ukurasa wa mbele kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na A, maandishi yote yatiwe kivuli, kisha shuka mpaka chini. Kwa mama yule yalijitokeza maneno meupe juu ya rangi nyeupe: linki za kamari, mstari baada ya mstari. Wateja wake walikuwa hawazioni, Google ilikuwa inaziona. Themu za wizi, yaani miundo ya tovuti ya kulipia inayogawiwa bure, nazo huja na uchafu huo.

Lakini yote hayo yanasafishika. Kinachomnyima mtu usingizi ni domeni. Mama yule alipokataa kuendelea kulipa, tovuti ilizimwa, na baruapepe za biashara zikazimika nayo, maana zilitumia domeni hiyohiyo. Tukaangalia usajili: mmiliki aliyeandikwa ni yule fundi wa tovuti. Jina lililokuwa kwenye risiti, kwenye bango na kwenye gari, kwa msajili, yaani kampuni inayosajili domeni, lilikuwa mali ya mtu mwingine. Wakamtajia bei ya kulikomboa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata malipo ya awali: domeni isajiliwe kwa jina lako, kwenye akaunti yako, kwa baruapepe isiyotegemea domeni hiyo. Hosti, yaani huduma inayohifadhi tovuti, vilevile. Kwenye Search Console, chombo cha Google cha kufuatilia tovuti yako kwenye matokeo, uwe mmiliki wewe, fundi umwongeze kama mtumiaji. Fundi mwaminifu hana shida na hayo, na wengi wetu tunapendelea hivyo kwa sababu hatutaki kuamshwa usiku wa manane kwa domeni iliyosahaulika kulipiwa.

Kama tayari umo mikononi mwao, usianze kwa kugombana. Usimwambie fundi wao kwamba unaondoka. Omba kwanza bakapu kamili, mafaili pamoja na hifadhidata. Kisha omba domeni iondolewe kufuli ya kuhamishwa na upewe msimbo wa kuhamishia, useme unataka kuweka kumbukumbu za biashara sehemu moja. Usikubali akubadilishie jina la mmiliki kabla ya kuhamisha, maana kwa domeni kama .com badiliko hilo linaweza kuifunga isihame kwa msajili mwingine kwa siku 60. Domeni ikishatua kwako, badilisha nywila zote, futa watumiaji usiowajua kwenye WordPress (kama ndiyo programu inayoendesha tovuti yako), kisha ingia Search Console uondoe umiliki wake. Na usiishie kufuta jina lake kwenye orodha: tafuta faili au alama ya uthibitisho aliyoiacha ndani ya tovuti uifute pia, la sivyo anaweza kujithibitisha upya na kurudi.