Kiti cha mtoto cha gari: kijaribu ndani ya gari lako kabla hujalipa

Kiti nilichonunua ni cha kundi la 0+/1, kimeidhinishwa kwa kiwango cha R44/04, yaani kanuni ya Umoja wa Mataifa ya usalama wa viti vya watoto. Mtoto anakaa akitazama nyuma tangu kuzaliwa hadi kilo 13, kisha kinageuzwa atazame mbele, kuanzia kilo 9 hadi 18. Nilikipata dukani hapa Dar kwa shilingi 380,000 baada ya kuvutana bei mpaka muuzaji akanuna. Kinafungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari. Jina la kampuni silitaji kwa makusudi: kiti kinachotulia kwenye kigari changu cha Kijapani kinaweza kuyumba kwenye Noah ya jirani, kwa sababu siti zinatofautiana mwinuko na mikanda inatofautiana urefu. Ukinunua kwa kuangalia nyota za mtandaoni tu, unanunua kiti cha gari la mtu mwingine.

Ndiyo maana nilimwomba kijana wa dukani tutoke na viti vya maonyesho hadi pale nilipoegesha. Alisita, ila alikubali. Cha kwanza kilikuwa kizuri machoni, sponji nene, rangi ya kijivu ya kifahari. Tulipokigeuza kitazame nyuma, mkanda wa gari haukufika kwenye kifungio. Mfupi! Kingine kilifungika, lakini kifungio chenyewe kilibanwa na ukingo wa plastiki, kikawa kimekaa upande. Hicho nacho nilikirudisha. Nilichokichukua hatimaye kilikuwa cha bei ya kati na sura ya kawaida kabisa, ila kilitulia.

Kukifunga kuna ufundi wake. Pembeni kuna njia mbili za kupitishia mkanda: zenye alama ya bluu ni za kutazama nyuma, zenye alama nyekundu ni za kutazama mbele. Ukichanganya hizo, mengine yote ni bure. Naweka goti ndani ya kiti, nakandamiza kwa uzito wangu, navuta mkanda wa kiunoni kwanza, kisha wa begani. Halafu nakishika pale mkanda unapopita na kukitikisa. Kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, naanza upya. Juu kitacheza kidogo, hilo halinisumbui. Ninachopima ni pale kwenye mkanda. Mume wangu, ambaye ana mikono yenye nguvu kuliko yangu, alikuwa anavuta bila kukandamiza, na kiti kilikuwa kinalegea kila tukifika kwenye matuta ya Mbezi.

Kwa mtoto mwenyewe, mikanda ya begani inatakiwa itokee usawa wa mabega au chini kidogo akiwa anatazama nyuma. Akigeuzwa mbele, itokee usawa wa mabega au juu kidogo. Baada ya kuivuta najaribu kufinya utepe begani kwa vidole viwili. Nikipata mkunjo wa kufinya, bado umelegea. Sweta zito linavuliwa kwanza, maana linadanganya: unadhani umembana mtoto kumbe umebana sufi.

Kuhusu kilo 9 hadi 13, ambapo kiti kinaruhusu pande zote mbili, sisi hatukuharakisha kumgeuza. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kwa shingo yake, na gari likigonga kwa mbele, anayetazama nyuma hupokewa mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Kiwango kipya cha R129, kinachopima kwa urefu wa mtoto badala ya kilo, kinataka atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Huko Sweden wazazi wengi wanafika hadi miaka minne. Na kiti cha kutazama nyuma kamwe hakiwekwi siti ya mbele ikiwa eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) ya upande huo inafanya kazi. Ikifumuka inapiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kiko hapohapo.

Lebo nayo isomwe. Yangu ni ya rangi ya chungwa, ina herufi E na namba ndani ya duara. E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza, E43 Japani. Hiyo ni nchi iliyotoa idhini, siyo kilikotengenezwa. Changu ni E4 na kimetengenezwa China, sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na vile vya kitambaa, vyepesi kama begi la shule, vinavyouzwa kwa bei ya kutupa mitandaoni: utepe, sponji, hakuna lebo. Hivyo usivinunue hata ukipewa ofa.

Vya mitumba nilivitazama pia. Muuzaji atakuapia kuwa ni cha Ulaya. Kigeuze utafute kiduara kidogo kilichopigwa kwenye plastiki chenye mshale: kinaonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Lakini hakuna kiduara kitakachokuambia kama kiliwahi kuwa kwenye ajali, na hilo ndilo lililonirudisha dukani.

Upinzani mkubwa ulitoka kwa mama mkwe. Safari ya Morogoro alikaa nyuma, akamtazama mjukuu wake alivyofungwa.

"Mama Imani, huyu kakosa nini?"

"Hajakosa kitu, mama. Ni usalama wake."

"Mimi nimelea watano, wote mapajani."

Mume wangu akaingilia na hesabu zake: gari la kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga, mtoto wa kilo 9 anaweza kuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa gunia la mahindi, na hakuna mikono ya kulizuia. Mama aliguna tu. Kilichombadilisha ni kwamba mikono yake ilikuwa huru, na tulipotoka Chalinze alikula mahindi yake ya kuchoma kwa starehe.

Chalinze tulisimama kwa sababu yake na ya mtoto pia. Mtoto mdogo asikae humo zaidi ya saa mbili mfululizo bila kutolewa ajinyooshe.

Malalamiko yangu? Kikitazama nyuma kinakula nafasi, siti ya abiria wa mbele inasogezwa mpaka mtu mrefu anagusa dashibodi kwa magoti. Kwenye teksi za mtandao ni shida: dereva anahesabu dakika huku wewe umepiga goti ndani ya gari lake. Na jua la Dar linachoma kile chuma cha kifungio; nikiegesha nakifunika kwa khanga, na kabla ya kumfunga nakigusa mimi kwanza.

Kitambaa kinatoka na kufuliwa, namshukuru aliyebuni, maana uji umeshamwagika humo mara nyingi. Mikanda naifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini tu, bila jiki. Kurudisha kitambaa kwenye ndoano zake kunachosha, na ndoano moja ya nyuma ya kichwa mpaka leo naipata kwa kubahatisha.